Nyasi Zenye Jina Langu

Mwamini mwanangu,

Baba yako ameniuliza naandika nini kwa bidii namna hii, nikamjibu naandika vitu vya kununua mpakani Kobero. Amenitazama juu ya miwani, akarudi kwenye cherehani yake. Anajua ni uongo. Mwanamke anayebeba kichwani bei za soko zima la Muyinga haandiki vitu vya kununua.

We umekwenda kuwaaga shangazi zako, nami nawajua shangazi zako: hawakuachii kabla ya Maghrib, na utarudi umebebeshwa sambusa za kulisha basi zima. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa dukani nyuma ya vitenge, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani naswali. Mungu ananiona, lakini Mungu ananijua pia, tumezoeana.

Sitakuandikia habari ya kula, kulala, baridi ya Gitega na sweta. Hayo nitakupigia simu, na kama mtandao hauko nitasimama mlangoni nipaze sauti. Watu wa Karuzi, hapo katikati ya njia, watasikia na kukufikishia. Nataka kuandika juu ya neno moja ulilosema jana jikoni. Tangu jana natembea nalo kama kijiwe ndani ya kiatu. Nimekwenda nalo sokoni, nimerudi nalo, nimekaa, nimesimama, nimepanga vitenge ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Jana Elias alikupigia, yule mlinzi wa Nyarurama, huko Gitega unakokwenda kuanza kazi. Simu uliiweka sauti ya juu kwa sababu mikono yako ilikuwa na unga.

"Karibu sana, mkuu wetu," akasema, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka cha mtu aliyekulia kambini Tanzania. "Tunakungoja hapa kilimani. Sasa, dada, huko Muyinga wewe ni mtoto wa nani? Nina watu ninaowafahamu huko."

Ukasema, "Mi ni wa Issa, fundi cherehani."

Bon, sawa. Issa ni baba yako, hukudanganya. Mi nilikuwa nakoroga maharage, nikasema kwa sauti, "Ehe! Kumbe Issa alizaa peke yake!" Nikacheka kicheko changu.

Elias akauliza, "Nani huyo anayecheka?"

Ukasema, "Ni jirani."

Mwamini, mi nimeitwa majina mengi. Mpakani wananiita Mama Mizigo. Kahama waliniita Mrundi mwenye mdomo. Dubai, siku chache nilizokaa kule, waliniita madam, na mwenye duka alinisindikiza hadi mlangoni, muulize yeyote. Jirani ilikuwa bado. Nilicheka tena, unakumbuka, kisha nikatia chumvi mara ya pili. Ndiyo maana maharage yalikuwa vile, na baba yako akayala yote.

Sikuandikii kukugombeza. Unakwenda kusimamia kilima ambacho watu wake wanang'oa nyasi kila msimu huku wakizitukana kwa jina la mama yako. Ningekuwa wewe, labda ningesema niliokotwa njiani.

Kisa hicho umekisikia tangu utoto, lakini umekisikia mbele ya wateja, na mbele ya wateja mi nakipaka mafuta. Hapa wateja hawako. Acha nikupe na zile sehemu zisizochekesha.

Alikuja bwana mmoja wa kamati ya Nyarurama, amevaa koti, akasimama hapa hapa dukani. "Mama Hadija, nasikia wewe unapata kila kitu."

"Isipokuwa mume wa pili," nikamjibu. Baba yako akacheka hadi uzi ukakatika.

Yule bwana akaeleza. Nyarurama ni mahali pa wafalme wa zamani, kilima cha upande wa Mutaho, na juu yake iko ile nyumba kubwa ya msonge inayotunza ngoma zao. Nchi imeiweka Nyarurama kwenye foleni ya urithi wa dunia. Wataalamu wanakuja kuitazama, na paa limechoka. Nyasi za kuezekea, zile nyembamba laini tunazoita ishinge, zimekuwa haba kwa sababu kila mahali watu wamelima. Watu wa vilima wanaleta tita moja leo, tita moja wiki ijayo, wanabishana, wanakunywa pombe ya ndizi, wanarudi kwao. "Wageni watafika paa liko nusu," akasema. "Utatusaidia?"

Mtu akiniuliza kama nitaweza, akili yangu inalala na mdomo unaamka. Nikasema nitaleta paa zima kwa safari moja.

Nikavuka mpaka. Upande wa Ngara, Tanzania, nikapata nyasi, mwanangu, nyasi ndefu kuliko mtu mzima, zinang'aa kama shaba. Nikajaza lori. Niliingia Gitega nimekaa mbele na dereva, kiwiko dirishani, kama waziri wa nyasi. Watoto walikimbia pembeni. Sijawahi kuwa mrembo kama siku ile.

Tulipoanza kushusha, Elias alikuja, wakati ule bado kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa kulinda. Akachukua shina moja, akalipukuta juu ya kiganja.

"Mama, nyasi hizi nazifahamu," akasema. "Kambini tulikuwa tunazichoma, zinarudi. Tunazikata, zinarudi. Na hizi zimeshakomaa, tazama mbegu zake."

Nikasema, "Basi vizuri, tutauza na mbegu!"

Watu wote wakacheka. Hiyo ndiyo hatari yangu, Mwamini, na naona unayo kidogo, umeirithi upande huu wa jirani: watu wakishacheka, nadhani nimeshajibu.

Aliyebaki bila kucheka ni Mama Daforoza. Utamwona, yuko bado, mkubwa wa wanawake wa kilima, mkali, hapendi mtu yeyote kabla ya saa sita mchana. Alisimama mikono kiunoni. Alisema kwa Kirundi, mi nakuandikia kwa Kiswahili: "Na sisi, je?"

"Ninyi pumzikeni, mama," nikamwambia. "Kazi imekwisha."

Nilidhani nampa zawadi. Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa mtoto mgongoni na kuambiwa apumzike.

Sikuelewa, kwa sababu sikuuliza. Paa la Nyarurama lilikuwa na wenyewe. Upande wa mlango ulikuwa wa watu wa Mutaho. Nyuma ni wa Itaba. Mkono wa kushoto ni wa Bukirasazi. Tangu wazee wao, kila watu na upande wao, wanaleta matita yao kichwani, wanapanda wenyewe, wanafunga wenyewe. Mvua ikivuja nyuma, Daforoza anasimama uani na kupiga kelele, "Itaba wamelala!" Habari inafika Itaba kabla ya jioni, na Jumamosi utawaona wanakuja na nyasi, wamenuna, wanaume kwa wanawake, hawataki kusalimiwa. Wale waliokuwa wanabishana na kunywa, ambao yule bwana wa koti aliwaona wavivu, walikuwa wanabishana nani paa lake limekaa zaidi.

Mi nikaleta lori. Paa likawa la watu wote. Unajua maana yake.

Subiri, kuna mtu anagonga.

Alikuwa mke wa muuza mkaa, anataka kitenge cha harusi, anataka nimpunguzie na tena nimbariki. Nimembariki tu. Nimepita na chumbani kwako kutazama begi lako, usiniulize kwa nini, nimelifungua na kulifunga. Umekunja nguo vizuri. Nani alikufundisha kukunja hivi? Si mimi.

Turudi kilimani. Wageni walifika, paa linang'aa, wakapiga picha hadi mi mwenyewe nikapigwa, ile picha iliyo hapa juu ya kikokotoo, mi na yule mtaalamu mrefu mwenye kofia. Unachokiona ni kwamba tunacheka. Usichokiona ni kwamba alikuwa ameniuliza, kupitia mkalimani, kama nyasi ni za pale pale. Yule bwana wa kamati akakohoa. Nikasema, "Zimetoka hapo karibu." Na kwangu mi Ngara ni karibu, nakwenda na kurudi bila kubadilisha viatu. Lakini siyo alichouliza. Baadaye ile dosiye, faili la maombi ya urithi, ilirudi na maswali mengi, na moja lilikuwa la paa.

Mvua ya kwanza, paa likashika. Mvua ya pili, likaanza kuvuja nyuma. Elias aliniambia mwenyewe, miaka imepita. Alikwenda kwa Daforoza akamwambia, "Mama, inavuja."

"Inavuja upande wa nani?"

"Nyuma."

"Nyuma ni kwa nani sasa?"

Elias akalitazama paa lenyewe. Akasema, "Kwa Hadija."

"Basi mwite Hadija."

Hakuna aliyeona haya, mwanangu. Hakuna aliyekuja Jumamosi amenuna. Elias alizihamisha ngoma peke yake kwenye mvua, huku na huku, anakimbiza pakavu ndani ya nyumba ambayo pakavu palikuwa panahama. Ngoma moja ya zamani ngozi yake ililowa ikaoza. Hiyo siisimulii dukani.

Na nyasi zikaota. Kwanza pale lori liliposhushia, kisha njiani, kisha uani kote. Ng'ombe hawazitaki. Ishinge kidogo iliyokuwa imebaki ikafunikwa. Kwa kuwa nyasi haikuwa na jina pale, wakaipa la kwangu.

Mi nilijua siku nilipopita Gitega na vitenge, nikasema acha nikalisalimie paa langu. Nikamkuta mwanamke ameinama na jembe, hanijui. Nikamsalimu, akanyooka akishika kiuno. "Yoo, mama, tangu asubuhi nang'oa Hadija. Huyu Hadija ana mizizi mibaya!"

Unamjua mama yako. Nikasema, "Hadija ndiye mimi, dada, na hata mume wangu anasema hivyo hivyo!" Kilima kizima kilicheka, nami nilicheka kuliko wote, nikawapa na kitenge kimoja. Kisha nikapanda gari. Kutoka Gitega hadi Karuzi sikumtania hata abiria mmoja, hadi kondakta akaniuliza, "Mama, unaumwa?"

Ile nyasi ilinifuata hadi nyumbani, hilo unalijua na magoti yako yanalijua. Mbegu zilirudi kwenye magunia, zikaota nyuma ya jiko letu. Ukifanya utundu, adhabu ilikuwa kung'oa Hadija. We ulikuwa mtundu, kwa hiyo tuseme una elimu ya kutosha. Lakini nimepigana nayo kuliko wewe, nikajua tabia zake kuliko ninavyojua tabia za Issa. Ukiikata, inanenepa. Ukiichoma, inashukuru. Jembe pana linakata mzizi na kila kipande kinajifanya mtu mzima. Ni lazima jembe jembamba, udongo uwe na unyevu, uingie pembeni ya shina, uinue mzizi mzima kama unavyomtoa mtoto majini, polepole, usimvunje. Na iwe kabla kichwa chake hakijageuka rangi ya kahawia. Kikishageuka, kila unachofanya ni kumsaidia kupanda.

Sasa tuko mwisho wa mvua. Leo asubuhi nimekwenda nyuma ya jiko, kuna shina moja lilinikwepa. Kichwa bado ni kijani. Kilimani kwako kitakuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana situlii, Mwamini. Siyo lile neno jirani peke yake.

Juzi ulinionyesha kwenye simu ule mpango wa usimamizi. Ulijivuna, nami nilijivuna kukuona unajivuna. Ramani yenye rangi: nyekundu ni kilima chenyewe, njano ni eneo la kinga. Uzio hapa, choo cha wageni pale, kibao cha kukataza. Kisha ukapita haraka ukurasa mmoja. Mi niliacha shule darasa la sita, lakini mtu akipita ukurasa haraka naona. Nikasema rudi. Imeandikwa: uoto vamizi, kupuliza dawa kabla ya ziara ya wataalamu.

"Uoto vamizi ni nini?" nikakuuliza.

Ukajibu, "Ni nyasi, mama."

Kumbe hata kwa Kiswahili cha ofisi nina jina.

Mwanangu, mi siijui dawa hiyo. Lakini najua harufu ya lori, na mpango huo unanuka lori. Mtu mmoja anakuja na kitu kikubwa, kazi inakwisha kabla wageni hawajafika, wengine wanaambiwa wapumzike. Nyuma ya nyumba, kuteremka kwenye chemchemi, bado kiko kipande cha ishinge ya kweli. Daforoza anakilinda na fimbo, analala akikisikiliza. Dawa haitamuuliza nani ni nani. Itawaua wote wawili, Hadija atarudi, maana namjua, na ishinge haitarudi. Hapo utaezeka na nini? Utanipigia mimi nilete lori?

Na huo uzio. Wanawake wanapita uani kwenda kuteka maji. Kwenye ramani wanaonekana wasumbufu. Lakini ndio wanaotazama juu na kusema inavuja. Ukiwafungia nje, nani atakuambia? Elias ana macho mawili, na moja limeanza kuchoka.

Sisemi usifuate mpango. We umesoma, mi nimepakia. Nasema kabla dawa haijatoka dukani, siku yako ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuona ofisi yako, mwite Elias na Daforoza mzunguke paa. Kila mahali simama uulize, upande huu ulikuwa wa nani? Nyamaza usikie. Watabishana. Waache wabishane, usitazame saa. Wakitaka pombe ya ndizi, we kunywa soda yako ukae. Wakirudi kubishana juu ya paa, kazi yako nusu imekwisha. Kisha gawa na uwanja vile vile: nyasi za mlangoni ni za Mutaho kung'oa, za nyuma ni za Itaba, za kushoto Bukirasazi. Uone kama hawatakuja Jumamosi wamenuna.

Wataalamu wakiuliza mbona nyasi mbaya hazijaisha, usikohoe. Waambie zilitoka Ngara, zililetwa na lori, na ni nani aliyezileta. Waambie wewe kwanza, kabla hawajauliza. Nimefikiri sana, na naona paa bovu lenye ukweli wataliandika kuwa linatunzwa. Paa zuri la uongo mi niliwahi kulipigia picha, iko hapa juu.

Baba yako ameingia. Amesimama karibu, anajifanya anatafuta vifungo.

"Umemaliza vitu vya Kobero?"

"Bado."

"Umemwambia aende kabla vichwa havijageuka rangi?"

"Issa, we unasomaje kutoka huko?"

"Mi sisomi. Nimekaa na wewe miaka." Amechukua vifungo asivyovihitaji. Mlangoni amegeuka: "Na jirani umemwandika?"

Kumbe alisikia. Na mi nilidhani cherehani ilikuwa inapiga kelele.

Naona giza linaanza, na sauti yako naisikia kwa mbali, unacheka na shangazi zako, unacheka kama mimi, hilo huwezi kulificha hata ukienda wapi. Elias si kiziwi. Wiki moja, mbili, utacheka pale uani na mtu atageuka.

Lakini sikulazimishi. Jina ni lako kuliweka unapotaka. Kaa kwanza uwe wa Issa, fundi cherehani. Ni jina safi, halijawahi kuota popote.

Kitu kimoja tu nimekuwekea. Ukifungua begi, chini ya nguo zako zilizokunjwa vizuri, utakuta lile jembe jembamba la nyuma ya jiko. Ndiyo maana nilikuwa nalifungua na kulifunga begi. Nimelinoa leo. Unakumbuka mpini wake nimeuchoma jina kwa chuma cha moto, HADIJA, herufi kubwa, kwa sababu hapa mtaani jembe likiazimwa linasahau kwao. Ukiona haya, funga kitambaa, nimeweka na kitambaa. Jembe litakata vile vile.

Ila ukigawa uwanja, pale lori liliposhushia, karibu na mwerezi, pale nyasi ni nene kuliko kote, usimpe mtu. Watu wa Mutaho wakikuomba, kataa. Watu wa Itaba wakikuomba, kataa. Sema una mtu wako.

Wakikuuliza ni nani, waambie ni jirani. Atafika na basi la kwanza la Jumamosi, na atakuja amenuna.

Hadija